Je, maziwa ya kreta ya Bunyaruguru yanaweza kuua watu kama Ziwa Nyos?

Swali: Nafuga ngege kwenye vizimba viwili katika ziwa mojawapo la kreta huku Bunyaruguru, wilaya ya Rubirizi, magharibi mwa Uganda. Baada ya siku tatu za mvua na upepo, maji yalianza kunuka mayai viza, na alfajiri samaki wakakutwa wanaelea. Kijana mmoja msomi amewaambia majirani habari za ziwa la Kamerun lililoua watu zaidi ya elfu moja kwa usiku mmoja, akasema letu nalo limeanza. Familia mbili zimeshahamia kwa ndugu zao. Je, ni kweli? Na tukitaka kujipimia wenyewe, tupime nini?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lile ambalo majirani zako wanalisubiri. Katika yote uliyoeleza, hakuna dalili ya yale yaliyotokea Kamerun. Kilichoua samaki wako na kilichoua watu wa Nyos ni mambo mawili tofauti, tena karibu yanapingana. Ziwa lako limegeuka: maji ya chini yamepanda juu na kutoa uchafu wake. Nyos liliua kwa sababu maji yake ya chini yalikaa miaka mingi bila kugeuka, yakijilimbikizia gesi. Hata hivyo kijana huyo hakubuni kitu. Kisa ni cha kweli, na inafaa mkielewe vizuri ili mjue cha kuogopa na cha kuacha.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1986, yapata saa tatu usiku. Ziwa Nyos liko kaskazini-magharibi mwa Kamerun, upande wa mji wa Wum, na si kubwa: eneo lake ni kama kilomita za mraba 1.6 tu, lakini kina chake ni mita 208. Usiku ule ulisikika mngurumo, kisha wingu zito likamwagika kutoka ziwani na kuteremka mabondeni kama maji ya mafuriko. Lilipita katika vijiji vya Nyos, Kam, Cha na Subum, na likafika hadi kilomita 25 kutoka ziwani. Walikufa watu wapatao 1,746, na mifugo kama 3,500. Nyumba zilibaki zimesimama. Taa za mafuta zilikutwa zimezimika na mafuta yangali ndani. Mizoga ya ng'ombe ililala siku kadhaa bila nzi, kwa kuwa nzi nao walikuwa wamekufa. Waliokuwa juu vilimani walipona, na baadhi ya waliokuwa mabondeni walizinduka baada ya saa nyingi wakakuta jamaa zao wote wamekufa. Asubuhi ziwa, ambalo siku zote lilikuwa la buluu, lilikuwa jekundu kama kutu, na maji yalikuwa yameshuka karibu mita moja.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Haruni Tazieff, bingwa wa volkeno wa Ufaransa ambaye jina lake huandikwa Haroun, alishikilia kwamba volkeno ilikuwa imelipuka chini ya ziwa. Haraldur Sigurdsson wa Iceland alikuwa ameshachunguza kisa kama hicho katika Ziwa Monoun, huko huko Kamerun, ambako watu 37 walikufa tarehe 15 Agosti 1984, na yeye alisema gesi ilikuwa tayari imeyeyuka ndani ya maji. Vipimo vilimpa haki Sigurdsson. Maji ya chini hayakuwa ya moto, tope la chini halikuwa limetifuliwa, na gesi za salfa na klorini ambazo volkeno hutoa hazikuonekana kwa kiasi cha maana. Msidhani ubishi huo ulikuwa wa wasomi tu. Kama ingekuwa volkeno, binadamu asingeweza kufanya lolote. Kwa kuwa ilikuwa gesi iliyohifadhiwa majini, ingeweza kutolewa kidogo kidogo, na ndivyo ilivyofanyika baadaye.

Gesi yenyewe ni hewa ukaa, hii hii tunayoitoa puani na inayowekwa kwenye soda. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, ndiyo maana hutambaa chini. Chini ya Nyos huvuja taratibu kutoka kwenye miamba ya volkeno, huingia katika maji ya chemchemi na kuishia kwenye kilindi. Huko hukandamizwa na uzito wa maji. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 208, lita moja ya maji inaweza kubeba lita kama 15 za gesi bila hata kiputo kimoja kuonekana, kama soda ambayo haijafunguliwa. Sehemu ya maji hayo ikisukumwa juu kidogo, mkandamizo unapungua na viputo vinazaliwa. Viputo vinayafanya maji kuwa mepesi, maji yanapanda zaidi, viputo vinaongezeka, na baada ya hapo hakuna kinachoweza kuvizuia. Kilichousukuma mkondo wa kwanza usiku ule hakijathibitishwa hadi leo. Huenda ni mporomoko wa mwamba, huenda ni mvua baridi na upepo wa Agosti. Ziwa likishajaa, linahitaji msukumo mdogo tu.

Kutokana na hayo utaona kwamba ziwa la aina hiyo lazima liwe na mambo matatu kwa pamoja. Liwe na kina kirefu cha kubeba gesi nyingi. Maji yake ya chini yatengane na ya juu kwa miaka. Na liwe na gesi inayoingia kutoka chini ya ardhi bila kukoma. Likikosekana moja, hakuna Nyos. Duniani kote yanajulikana maziwa matatu tu yenye gesi ya kutisha namna hiyo: Nyos, Monoun na Kivu. Katika hayo hakuna hata moja lililo Uganda.

Sasa tuje kwenu. Ukanda wetu wa magharibi una makumi ya maziwa ya kreta, kuanzia pande za Fort Portal na Kasenda, kupita Katwe na Kikorongo, hadi Bunyaruguru. Mengi yana kina kifupi mno. Katwe ni kreta halisi ya volkeno, lakini mchimba chumvi husimama ndani yake akifanya kazi, kwa hiyo halina pa kuweka gesi. Kwenu Ziwa Nkugute lilipimwa tangu miaka ya 1960 na Beadle, profesa wa Makerere, likaonekana kuwa na kina cha mita 58, na maji yake ya chini hayana oksijeni. Tuseme basi, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba gesi ya volkeno inaingia humo: kwa kina hicho lita ya maji ingebeba gesi kama lita 5, theluthi moja ya uwezo wa Nyos. Kwa hiyo sharti la kina limetimia nusu, na sharti la kutengana kwa maji limetimia kwa sehemu, kama ilivyo kwa maziwa mengi yenye kina katika nchi za joto ambako hakuna majira ya baridi ya kuyageuza kila mwaka. Sharti la tatu ndilo la kuchunguzwa, na nitakueleza namna yake.

Kabla ya hapo, msiamini kina cha kuambiwa. Watembeza wageni husema Ziwa Bunyonyi lina kina cha mita 900. Waliopima walikuta kama mita 40.

Harufu ya mayai viza imewatisha bure, na naelewa kwa nini. Hata manusura wa Nyos walisema walisikia harufu ya mayai viza au baruti. Lakini hewa ukaa haina harufu. Mtu akiivuta kwa wingi, hisia zake huvurugika na anaweza kunusa kitu ambacho hakipo. Harufu mnayoisikia nyinyi ni ya kweli: ni gesi ya salfa inayotengenezwa na majani, kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula vinapooza chini pasipo na oksijeni. Pua huitambua ikiwa kidogo sana, tena kabla haijafika kiwango cha kudhuru. Ziwani kwenye upepo hutawanyika. Hatari yake ni mahali palipofungika, na hapo kumbuka kwamba ikiwa kali pua hufa ganzi: harufu ikitoweka ghafla wakati hakuna kilichobadilika, ondoka.

Samaki wako walikufa kwa kukosa pumzi. Upepo na mvua baridi vilipoza maji ya juu, yakawa mazito, yakazama, na yale ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi, maana usiku kucha mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali inaitumia. Jambo hili limetokea katika maziwa makubwa kuliko lenu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki walikufa kwa wingi Bunyonyi, na mwishoni mwa Desemba 2020 hadi Januari 2021 sangara, au mputa kama tunavyowaita, walizagaa wakiwa wamekufa kwenye fukwe za Ziwa Viktoria. Waliochunguza walikuta oksijeni imepungua majini baada ya dhoruba.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha ukosefu wa oksijeni na sumu. Angalia kambale. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo ngege wakifa na kambale wakabaki hai, tatizo ni oksijeni. Wakifa na kambale, vyura na wadudu wa majini, shuku dawa iliyomwagwa au iliyosombwa na mvua kutoka mashambani, na hapo mtu yeyote asile wala kuuza samaki hao. Dalili nyingine ya oksijeni ni samaki kupanda juu na kupanua midomo kabla ya jua kuchomoza, na wakubwa kutangulia kufa.

Kwa kupima wenyewe, tafuteni mambo mawili: kina, na kama maji ya chini yana gesi.

Kina hakihitaji mashine. Chukua kamba isiyovutika, ya nailoni iliyosokotwa, ufunge chubwi au jiwe la kilo 2 hivi mwishoni, na utie fundo kila mita 5 na kitambaa chekundu kila mita 20. Loweka kamba kwanza ndipo upime mafundo, maana ikilowa hubadilika urefu. Nendeni asubuhi kabla ya upepo, watu wawili kwa mtumbwi, wote mkiwa na maboya ya kuvaa. Teremsha mpaka kamba ilegee, inua kidogo, teremsha tena, kisha hesabu. Kosa linalowapata wengi ni mtumbwi kusukumwa na upepo, kamba ikalala mshazari, na mita 60 zikasomeka mita 80. Kamba isiposimama wima, rudia. Pimeni sehemu 10 au zaidi mkikatiza ziwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kwa gesi, tumia chupa ya kioo ya nusu lita. Ifunge pamoja na jiwe kwenye kamba ile ile, uizibe kwa kizibo kisichokazwa sana, na kizibo ukifungie kamba ya pili nyembamba. Kwenye ziwa la mita 50, jiwe liwe zito zaidi, na usijaribu kina kirefu zaidi kwa chupa hii, kwani kizibo hukandamizwa na kugoma kutoka. Ikifika mita 2 juu ya tope, vuta kamba nyembamba kwa ghafla ili kizibo kitoke. Subiri dakika mbili chupa ijae, kisha ipandishe taratibu. Kwa kuwa iko wazi, sehemu ya gesi itatoka njiani, lakini maji yenye gesi ya kutisha hayafichiki: yatafika juu yanachemka kama soda iliyotikiswa, na mtaona viputo vikifuata kamba. Viputo vichache vyenye harufu ni uozo wa kawaida pamoja na methani kidogo, gesi inayoweza kuwaka. Yakifika yametulia na yananuka tu, mna ziwa la kawaida la nchi yetu. Msiogope kwamba chupa itaamsha ziwa. Watafiti wameteremsha vyombo vikubwa zaidi ndani ya Nyos lenyewe likiwa limejaa.

Mkiona yanachemka, msitangaze sokoni. Andikeni tarehe, saa, kina na mahali, mpeleke kwa ofisa wa uvuvi wa wilaya na kwa idara ya jiolojia iliyoko Entebbe. Wao wana vyombo vya kupima joto na chumvichumvi kwa kila mita. Ziwa linalolishwa gesi kutoka ardhini mara nyingi huonyesha maji ya chini yenye joto zaidi na madini mengi kuliko ya katikati, kinyume na mnavyotarajia. Taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Jinja nayo hupokea taarifa za samaki waliokufa, na sampuli nzuri ni chupa iliyojazwa pomoni bila nafasi ya hewa, ikakaa kivulini kwenye ubaridi na kufika siku hiyo hiyo.

Hata ziwa likikutwa na gesi, dawa yake inajulikana. Januari 2001 bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 14.5 lilisimamishwa katikati ya Nyos kutoka kwenye chelezo hadi mita 203 chini. Pampu ndogo ilivuta maji ya kwanza, viputo vikazaliwa ndani ya bomba, maji yakawa mepesi na kupanda yenyewe, pampu ikaondolewa. Tangu hapo maji yaliruka hewani mita 50 bila kutumia hata tone la mafuta, yakiachia gesi kidogo kidogo angani ambako haimdhuru mtu. Monoun lilipata bomba lake mwaka 2003, na mwaka 2011 Nyos likaongezewa mengine mawili mapana zaidi. Ni moja ya kazi nzuri kabisa za uhandisi barani mwetu, na inasikitisha kwamba wengi wanajua mauaji ya Nyos wala hawajajua tiba yake.

Kivu ndilo la kuangaliwa katika eneo letu. Lina kina cha mita 485, watu wapatao milioni 2 kwenye fukwe zake za Rwanda na Kongo, na juu ya hewa ukaa lina methani nyingi sana. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, upande wa Kongo, ikaingia ziwani, na gesi iliyo kwenye kilindi haikuamka, kwa kuwa sehemu kubwa iko chini zaidi ya mita 260. Rwanda inavuta gesi hiyo kwa mabomba yanayofanya kazi kama la Nyos, na mtambo wa KivuWatt umekuwa ukizalisha megawati 26 za umeme tangu 2016. Mji wetu wa Kisoro uko juu ya Kivu kwa mita kama 400, tena milima ya Virunga imesimama katikati, na gesi nzito haipandi milima.

Lakini gesi hii nzito inaua kila mwaka bila ziwa lolote. Watu wa Goma wana neno mazuku kwa mabonde madogo yanayojaa hewa ukaa alfajiri, ambamo mbuzi na watoto hufa. Kwetu mazuku ni kisima kinachochimbwa na shimo la choo. Hewa ikiwa na ukaa asilimia 10, mtu huzimia kwa dakika chache tu, na anayeruka kumwokoa humfuata. Usitegemee mshumaa: unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kichwa kimeshaanza kuzunguka. Ukiuteremsha kwa kamba ukazimika, mtu asiingie kabisa. Ukiendelea kuwaka, bado mchimbaji afungwe kamba kifuani, juu wawepo watu wawili wenye nguvu za kumvuta, na akianza kuhema au kusema ovyo atolewe mara moja kwa kamba, si kwa mtu kushuka.

Kwa kuwa gesi hii hukaa chini, kuwa juu ndiko kulikookoa watu Monoun. Inasimuliwa kwamba lori liliingia kwenye wingu, injini ikazimika kwa kukosa hewa, waliotelemka kuangalia wakafa, na wawili waliokuwa wamekaa juu ya mzigo wakapona. Kwa hiyo popote penye shaka ya gesi nzito, usiiname, usikimbie kufuata bonde, usitegemee pikipiki. Mbebe mtoto begani na upande mlimani.

Kuhusu vizimba vyako: toa samaki wote waliokufa leo hii, uwazike angalau mita 50 kutoka ukingoni, maana wakiozea majini watakula oksijeni iliyobaki. Acha kulisha mpaka samaki waonekane wachangamfu kwa siku mbili mfululizo, kisha anza na nusu ya chakula, saa nne asubuhi na si alfajiri. Inua nyavu ili sakafu ya kizimba ikae mita 2 au 3 tu chini ya uso wa maji, na upunguze idadi ya samaki. Ukipata kipimo cha oksijeni cha kuazima kwa ofisa wa uvuvi, pima saa kumi na mbili asubuhi kwenye sakafu ya kizimba: ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, usirudishe vifaranga bado. Na zile familia mbili, waambie warudi nyumbani.